Aliyeandika Mashimo ya Mfalme Sulemani naye alichimba

Kisondela mvua haiombwi. Huja yenyewe, ikakaa, ikasahau kuondoka. Safari hii nilipokwenda nyumbani, bodaboda ilinishusha kwenye kona ya chini, dereva akaniambia pole, nikamalizia kilima kwa miguu, viatu mkononi. Njiani, kando ya migomba ya jirani, nikakuta shimo. Halikuwa la choo, maana lilikuwa mbali mno na nyumba. Halikuwa la taka, maana lilikuwa na kina cha kummeza mtu mzima, na udongo wake ulikuwa umetupwa ovyo pande zote, kazi ya watu waliokuwa wakichungulia barabarani kila baada ya chepe moja.

"Wanatafuta mali ya Mjerumani," aliniambia mwalimu mmoja mstaafu jioni ile, tulipokaa kibarazani kwake tukisikiliza mvua ikicheza na bati. Alicheka mpaka akakohoa. "Kila mwaka wanakuja na ramani mpya. Mwanangu, hayo ndiyo mashimo ya Mfalme Sulemani."

Kwa msomaji asiyetoka Rungwe, nieleze. Wajerumani walikuwa na boma hapa Tukuyu, wakipaita Neu Langenburg, na mwezi Mei 1916 walipaacha majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland. Tangu hapo hadithi haijalala: eti waliposhindwa kubeba mali walizika, wengine wanasema waliitumbukiza Ziwa Ngozi, kule juu kwenye shimo la volkano. Na kama ilivyo kwa hadithi zote nzuri, ndani yake kuna punje ya kweli. Mwaka huohuo wa 1916, kule Tabora, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi. Kwamba hata moja ilidondoka Kisondela hakuna anayeweza kukuonyesha, ila matapeli wa rupia, nao watakuonyesha chochote utakacho mradi umelipa kwanza.

Lakini mimi usiku ule sikukaa na Mjerumani. Nilikaa na maneno ya mwalimu. Mashimo ya Mfalme Sulemani. Watanzania wangapi wamelitamka jina hilo, na wangapi wanamjua aliyelitunga?

Nyumbani kwetu kitabu hicho kilikuwapo, hakina jalada. Kurasa za mwanzo zilikwenda na panya, za mwisho zilikwenda na mtu aliyeazima. Baba mdogo alitusomea kwa mwanga wa kibatari huku tukisubiri mbalaga, chakula chetu cha ndizi, iive, na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa wa Kinyakyusa safi, Rungwe kwake ilikuwa Lungwe na Quatermain alikuwa Kwatamaini, mzee mwindaji ambaye sisi tulimdhania ni wa ukoo fulani wa upande wa Kyela. Tulimjua Kwatamaini, tukamjua Kapteni Good na meno yake ya kubandika, tukamwogopa kikongwe Gagool hadi tukakataa kwenda chooni peke yetu. Mwandishi hatukumjua. Mpaka naingia sekondari niliamini kitabu kiliandikwa na Mswahili wa Pwani aliyewahi kufika Afrika Kusini.

Aliitwa Henry Rider Haggard. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alikuwa mwenye ardhi aliyesomea sheria. Kaka zake walipelekwa shule za gharama na vyuo vikuu. Rider alionekana mzito wa akili, akapelekwa shule ya kawaida mjini Ipswich. Akajaribu mtihani wa kuingia jeshini, akafeli. Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, baba yake alimtafutia nafasi isiyo na mshahara kwa Sir Henry Bulwer, gavana wa Natal. Sisi tunaijua namna hiyo ya safari: ndivyo kijana aliyefeli darasa la saba anavyopelekwa Mbeya kwa mjomba mwenye duka, akajifunze maisha.

Na maisha alijifunza haraka. Aprili 1877 Waingereza waliitwaa Transvaal, jamhuri ya Makaburu, bila vita. Ofisa aliyepewa kazi ya kusoma tangazo mbele ya watu mjini Pretoria alianza kutetemeka hata sauti ikamkauka, na Haggard akaichukua karatasi akamalizia. Tarehe 24 Mei, siku ya kuzaliwa Malkia Victoria, akasaidia kuipandisha bendera. Alikuwa hajatimiza miaka 21. Mwaka uliofuata alifanywa msajili wa mahakama kuu ya Transvaal, cheo ambacho kaka zake waliosoma hawakuwa nacho.

Mambo hayakudumu. Msichana aliyemwacha Uingereza akaolewa na mwingine. Haggard akaacha kazi ya serikali, akaingia ubia na rafiki wa kufuga mbuni (ndege, si kahawa; hapa Rungwe lazima nifafanue) huko Newcastle, Natal. Mwaka 1880 alikwenda kwao akamwoa Louisa Margitson, akarudi naye shambani mwanzoni mwa 1881, wakakuta Makaburu wamekwisha chukua bunduki. Vita vya Majuba vilipiganwa karibu na shamba lao. Waingereza wakashindwa, Transvaal ikarudishwa kwa wenyewe, na bendera aliyoipandisha kijana yule ikateremshwa. Mwaka huohuo, katika nyumba ileile ya shambani, mkewe akajifungua mtoto wa kiume waliyemwita Jock. Kabla mwaka haujaisha wote watatu walikuwa wamerudi Uingereza.

Basi huyo ndiye mtu aliyekaa mezani mwanzoni mwa 1885: kijana wa sheria mwenye miaka 28, aliyekwisha kutoa kitabu kimoja kuhusu mfalme wa Wazulu kwa fedha zake mwenyewe na riwaya mbili ambazo hazikumpa cha maana. Inasemwa alikuwa akizungumza na kaka yake juu ya kitabu kilichokuwa kikisifiwa na kila mtu, Treasure Island cha Robert Louis Stevenson, ambacho baadaye nasi tulikipata kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Haggard akasema hakioni kuwa cha ajabu sana. Kaka yake akamwekea dau la shilingi moja: haya, andika wewe kinachokifikia hata nusu. Akaandika kwa wiki sita, jioni jioni, baada ya kazi.

Kampuni ya Cassell ikakubali kukitoa, ikampa hiari: pauni 100 taslimu, au asilimia kumi ya kila nakala itakayouzwa. Haggard, mtu mwenye mke na watoto, alikuwa tayari kubeba pauni zake 100. Mwenye ofisi alipotoka nje kidogo, karani aliyekuwa amekaa kimya pembeni akamnong'oneza achague asilimia. Akamsikiliza karani. Septemba 1885 wakazi wa London waliamka wakakuta mabango kila ukuta yakitangaza kwamba kimetoka kitabu cha kustaajabisha kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Karani yule jina lake halikuhifadhiwa, na mimi nadhani ndiye mtu mwenye hekima kuliko wote katika habari hii.

Sasa tazama tarehe hizo kwa jicho la Kisondela. Tarehe 26 Februari 1885 mkutano wa Berlin ulifungwa, na kesho yake Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya sehemu za bara la Tanganyika ya baadaye. Miezi hiyohiyo ya mwanzo wa mwaka, kijana mmoja London alikuwa akiandika juu ya Wazungu watatu wanaovuka jangwa na milima kwa ramani ya kale, wakaingia nchi isiyojulikana, wakatia mkono katika siasa zake mpaka mfalme akabadilishwa, kisha wakatoka na almasi mifukoni. Wenzake walikuwa wakifanya jambo lile kwa kalamu ya mikataba, yeye kwa kalamu ya hadithi.

Meno ya kubandika ya Kapteni Good nayo yana safari yake, na safari hiyo ilipita kwetu. Mwaka 1879 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, akiwa na miaka 21 tu, alitoka Dar es Salaam na msafara wa kwenda kwenye maziwa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifia njiani huko Behobeho, Thomson akashika uongozi. Kazi ya kweli ya kuuongoza msafara ilikuwa ya Chuma, yuleyule aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi Pwani. Septemba walifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Thomson aliyoyaona huku aliyaandika kama mtu aliyeota peponi: vijiji vilivyofagiwa, nyumba nadhifu, migomba isiyo na mwisho. Ndiye mmoja wa Wazungu wa kwanza kuisifu nchi ya Wanyakyusa kwa maandishi. Miaka michache baadaye alipita Umasaini, na huko akawa anawashangaza watu kwa kuchomoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha. Alilisimulia jambo hilo katika kitabu chake kilichotoka mwanzoni mwa 1885. Septemba ya mwaka uleule Kapteni Good akatokea akichomoa meno mbele ya Wakukuana, wenyeji wa nchi ile ya hadithi, nao wakamdhania si binadamu. Thomson, inasemwa, aliona ameibiwa. Akaandika riwaya yake mwenyewe, Ulu, iliyotoka mwaka 1888, nayo haikununuliwa. Watu walikuwa wanataka meno ya Haggard.

Katika hadithi yake nyingine, Allan Quatermain ya 1887, safari inaanzia Lamu. Habari za huko hazikumpa shida, kwa kuwa miaka hiyo kaka yake, Jack, alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza Lamu kwenyewe. Haggard hadi wakati huo alikuwa hajaishi popote Afrika ila kusini. Huku kwetu alikuja kwa barua za ndugu na vitabu vya wapita njia, akatuchora kwa kujiamini kabisa.

Kitabu hicho cha pili kinaanza na msiba. Kwatamaini wetu amefiwa na mwanawe wa pekee, Harry, kijana aliyesomea udaktari akaambukizwa ndui hospitalini. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa baba, anaikimbia, anarudi Afrika kwenda kufia porini. Haggard alipoandika hayo, Jock wake alikuwa mzima, anacheza. Kitabu alimtabarukia mtoto huyo.

Rafiki mmoja, John Gladwyn Jebb, alimletea Haggard habari kwamba huko Mexico anajua mahali ilipozikwa hazina ya wafalme wa Waazteki, dhahabu iliyofichwa Wahispania wasiipate. Mtu yule mwenye umri wa miaka 34, tajiri kwa vitabu, aliyekwisha kuandika riwaya ya She na kuwa na jina dunia nzima, aliyejua kuliko mtu yeyote jinsi hadithi ya hazina inavyotengenezwa kwa sababu yeye ndiye fundi wake, mwaka 1891 akafunga mizigo. Akaenda kuchimba.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu cha maisha yake nilichokuwa nikisoma, nikatazama dirishani kwa muda mrefu. Jirani yetu wa Kisondela na chepe lake namwelewa: ana watoto, ana deni, amesikia. Haggard naye?

Walimwacha Jock London kwa rafiki. Katika kumbukumbu zake Haggard aliandika kwamba alipomuaga mtoto alihisi hatamwona tena. Walikuwa Mexico City, hazina hata bado hawajaikaribia, habari zilipowafikia mwezi Februari: Jock amekufa, surua na yaliyofuatia surua. Alikuwa na miaka tisa. Haggard akaiacha hazina hapohapo, na haikuonekana kamwe. Alirudi kwao mtu mwingine. Alipata baadaye binti, Lilias, wa mwisho, aliyekuja kuandika maisha ya baba yake; lakini mtoto wa kiume hakupata tena, na katika nyumba ile jina la Jock lilikuwa jina lisilotajwa.

Mwalimu alinisikiliza nikimsimulia hayo, kikombe cha chai kikapoa mkononi. "Miaka thelathini na nane nimefundisha watoto kitabu cha huyo mtu," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Alikuwa sahihi. Sisi tulipewa kitabu bila mtu ndani yake. Kilitafsiriwa na Frederick Johnson, kikatoka mwaka 1929, na mwaka uliofuata Johnson akawa katibu wa kwanza wa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mtu aliyekuwa akiamua neno gani la Kiunguja liwe la wote ndiye aliyekuwa akiweka maneno hayo kinywani mwa Quatermain. Kwa hiyo Mashimo hakikuwa kitabu cha hadithi tu. Kilikuwa kipimo, kama jiwe la dukani. Na hapa Rungwe kipimo hicho kilitukuta tuko mbali. Wamoravian walipofika mwaka 1891, walihubiri na kufundisha kwa Kinyakyusa. Kiswahili kilikuwa lugha ya bomani na ya askari. Mtoto wa Kisondela wa enzi zile aliyekikuta kitabu kinene cha Kiswahili, chenye hadithi moja ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi alikikuta hicho. Lugha aliyokwenda nayo baadaye kuombea kazi Mbeya au Dar es Salaam aliichota jangwani pamoja na Umbopa, mtumishi wa Kwatamaini.

Na Johnson alifanya kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Kitabu hakinuki tafsiri. Baba mdogo alipotusomea hapakuwa na sentensi iliyomfanya arudi nyuma kuuliza imekusudia nini. Vitabu vingapi vya leo vilivyotafsiriwa, hata miongozo ya mbolea, vinaweza kusema hivyo?

Lakini wakati watoto walikuwa wakisoma mashimo hayo darasani, baba zao walikuwa ndani ya mashimo yenyewe. Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, katika nchi ileile ya Transvaal aliyoipandishia Haggard bendera. Ikahitaji mikono. Kwanza Wanyakyusa walikwenda karibu, Lupa, kule Chunya, dhahabu ilipoanza kuvuta watu miaka ya 1920. Kisha ikaja Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, na vijana wa Tukuyu wakaondoka. Muulize mzee yeyote Rungwe juu ya Wenela uone uso wake unavyobadilika. Baba yake mwalimu alikwenda. Alirudi na sanduku la bati, blanketi mbili, maneno ya Kizulu ya kutukania, na kifua kilichokohoa usiku hadi siku alipozikwa. Baada ya Uhuru serikali ikaupiga marufuku uandikishaji ule. Quatermain alitoka shimoni na almasi za kutosha kununua jumba Uingereza. Baba yake mwalimu alitoka na blanketi.

Ndiyo maana nilipokisoma tena ukubwani nilijikuta nimehama upande. Utotoni tulimshangilia Sir Henry Curtis, mwenzake Kwatamaini, akipigana na Twala, mfalme wa Wakukuana. Sasa namsikiliza Gagool. Kikongwe yule, toa uchawi wake na damu mikononi mwake, ndiye peke yake anayewauliza wageni swali lenye maana: mmefuata nini? Anajua wamefuata mawe. Yaliyobaki yote, urafiki na haki na mfalme halali, yeye anayaona ni maneno ya njiani. Haggard alimchora ili tumchukie, na tulimchukia sana. Ila fundi mzuri huandika zaidi ya anavyokusudia. Hata Ignosi, mfalme mpya aliyewekwa kwa msaada wa Wazungu, mwishoni anatangaza kwamba hataki mfanyabiashara mwenye bunduki na pombe wala mhubiri kuvuka milima ile tena. Mtu aliyesoma tangazo la kuitwaa Transvaal kwa sauti yake mwenyewe aliandika hayo. Waliotengeneza filamu ya mwaka 1950, iliyopigwa picha sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki na Kongo na kubeba Oskari mbili, waliona heri kuongeza mwanamke mzuri wa Kizungu ambaye kitabuni hayumo.

Kuna nusu ya pili ya Haggard, na hii ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Baada ya msiba ule mtu huyu aliendelea kutoa riwaya, zaidi ya hamsini kwa jumla, nyingi kwa ajili ya fedha, na wahakiki wa kwao wanakubali kwamba za mwanzo ndizo bora. Moyo wake lakini ulikuwa umehamia shambani. Aliishi Ditchingham, Norfolk, kwenye ardhi ya mkewe, na mwaka 1898 akajipa kazi ya kuandika habari za shamba mwaka mzima: mvua ya leo, ng'ombe aliyezaa, kibarua aliyeumwa mgongo, bei ya ngano iliyoshuka tena. Kitabu hicho, A Farmer's Year, kilitoka mwaka 1899. Kisha akazunguka majimbo 27 ya Uingereza akihoji wenye mashamba, wapangaji na vibarua, akatoa mwaka 1902 majuzuu mawili makubwa, Rural England. Kilio chake ni kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: nafaka ya nje inaua bei, mkulima mdogo hana ardhi ya kutosha wala mkopo, na vijana wenye nguvu wanakimbilia mijini wakiacha mashamba kwa wazee. Alitaka watu wadogo wapate vipande vya ardhi vyao wenyewe na ushirika wa kuuzia. Aliwahi hata kugombea ubunge mwaka 1895, akashindwa kwa kura chache. Cheo cha Sir alichopewa mwaka 1912 hakikuwa kwa ajili ya Quatermain. Alipewa kwa utumishi wake kwa umma, na sehemu kubwa ya utumishi huo ilikuwa mambo ya ardhi na kilimo.

Asubuhi ya kuondoka kwangu Kisondela nilipita tena kwa mwalimu. Mvua ilikuwa imepumzika. Wanawake walikuwa wakiteremka na majani ya chai, na dalali wa maparachichi alikuwa amesimamisha pikipiki yake akibishana bei na mama mmoja aliyekuwa amechoka kubisha. Mwalimu ana watoto sita. Mmoja yuko Tunduma, wawili Dar es Salaam, mmoja Mbeya, wawili sikuuliza. Nilimweleza hiyo nusu ya pili: Mzungu wa Mashimo alikuwa mkulima, analia bei imeshuka na watoto wamekwenda mjini.

Alikaa kimya. Kisha akauliza, kama mtu aliyegundua amepunjwa mizani miaka mingi: "Huyo kwa nini hawakutuletea?"

Sina jibu zuri zaidi ya lile analolijua yeye mwenyewe. Walioamua nini kitafsiriwe mwaka 1929 walitaka mtoto wa Kiafrika asome juu ya hazina iliyo mbali, inayopatikana kwa ramani ya mgeni. Mkulima anayelalamikia serikali yake mwenyewe hakufaa darasani. Lakini walioamua hivyo hawapo tena, na kamati yao haipo. Wachapaji wetu wapo. Wafasiri wapo, vyuo vinawatoa kila mwaka. A Farmer's Year si kitabu kikubwa cha kutisha, na lugha yake ni ya mtu anayeandika jioni akiwa na matope miguuni. Kikitolewa kwa Kiswahili chepesi, Kisondela kina wasomaji wake kabla hata hakijafika dukani.

Haggard alikufa London tarehe 14 Mei 1925, miaka minne kabla Quatermain hajaanza kusema Kiswahili. Majivu yake yamezikwa ndani ya kanisa la Ditchingham. Haki za kazi zake kwao Uingereza zilikwisha muda wake zamani. Mchapaji atakayeamua hana wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa.